Mfumo wa Kuripoti Data wa Chuo Ukikukwamia: Anza na Dalili Uliyoiona

Mwaka wa masomo ukianza, kati ya Agosti na Septemba, simu yangu hapa Kisumu hailali. Anayepiga ni karani aliyehamishiwa idara mpya juzi, au mhadhiri aliyekabidhiwa uenyekiti wa idara bila mafunzo hata ya siku moja. Kila mmoja ameambiwa maneno yaleyale: ingia kwenye mfumo, toa ripoti ya wanafunzi, inatakiwa Ijumaa. Anaingia, anakwama, kisha anaogopa kwamba ameharibu kitu. Kwa kawaida hajaharibu chochote.

Vyuo vya ukanda huu, kuanzia Njoro hadi Bondo, huenda vikatumia programu tofauti, lakini msingi ni mmoja. Kuna hifadhi kuu ambamo ofisi ya msajili, ya fedha na ya mitihani huingiza taarifa. Kisha kuna sehemu ya ripoti, ambayo aghalabu husoma nakala ya taarifa hizo. Shika hilo la nakala, maana nusu ya maswali utakayokuwa nayo yanajibiwa hapo.

Nimepanga shida kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida zaidi ndiyo ya kwanza. Fuata mpangilio huo hata kama una haraka.

Unakataliwa kuingia

Kwanza tazama jina unaloandika. Mifumo mingi ya chuo inataka barua pepe ya kazi, na kivinjari chako kinakujazia ile ya binafsi kwa sababu ndiyo uliyoitumia jana. Ifute yote uandike upya kwa mkono. Pili, tazama kitufe cha herufi kubwa. Tatu, kama nywila ulipewa kwenye karatasi au kwa ujumbe wa simu, hakikisha hukunakili nafasi tupu mwishoni.

Ikiwa mfumo unakutumia pia msimbo wa tarakimu sita kupitia programu ya simu, na msimbo unakataliwa kila mara, kagua saa ya simu. Misimbo hiyo hutengenezwa kwa kufuata wakati, na kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Simu ambayo saa yake iliwekwa kwa mkono, ikawa nyuma kwa dakika tatu, itatoa msimbo uliokwisha muda. Iweke saa ijirekebishe yenyewe kutoka kwa mtandao, kisha jaribu tena. Nimemwona mama mmoja wa ofisi ya kitivo akihangaika na hili siku mbili nzima, na dawa yake ilikuwa mguso mmoja kwenye mipangilio ya simu.

Ukiwa nyumbani, Mamboleo au Kondele, na mfumo haufunguki kabisa, huenda chuo kimeufungia ndani ya mtandao wake. Hapo unahitaji njia salama ya kuunganishwa kutoka nje, na njia hiyo hutolewa na ofisi ya teknolojia ya chuo (ICT) peke yake.

Simama hapa: ukishindwa mara tatu, acha. Mifumo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio machache, na akaunti ikifungwa jioni ya Alhamisi ripoti ya Ijumaa imekwenda na maji. Usiazime nywila ya mwenzako hata akikupa kwa moyo mweupe. Kila kitu utakachobadilisha kitaandikwa kwa jina lake.

Umeingia, lakini ukurasa ni mtupu

Sababu ya kwanza ni kichujio. Mfumo unakumbuka mwaka, kampasi na idara alizochagua mtu wa mwisho, au wewe mwenyewe wiki iliyopita. Rudisha vichujio vyote mwanzo, kisha chagua kimoja kimoja.

Kuwa makini na neno mwaka. Chuoni kuna miaka mitatu inayotembea pamoja: mwaka wa masomo unaoandikwa kama 2024/2025, mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na mwaka wa kalenda. Ukiomba ripoti ya fedha kwa mwaka wa masomo unaweza kupata jedwali tupu, na mfumo utakuwa umekujibu sawasawa.

Vichujio vikiwa sawa, sababu ya pili ni ruhusa. Kuwa na akaunti ni jambo moja, kupewa haki ya kuona idara fulani ni jingine. Ukihamishwa kutoka idara moja hadi nyingine, haki zako hazihami nawe mpaka mtu azihamishe. Ya tatu ni wakati: kama msajili ameingiza taarifa leo asubuhi na nakala huvutwa usiku, utaziona kesho. Subiri siku moja kabla ya kulalamika.

Idadi hazilingani na daftari la idara

Hapa ndipo watu hugombana, kwa hiyo nitakaa.

Mwenyekiti wa idara anakuja na daftari lake: wanafunzi 412. Mfumo unasema 389. Anachosema kwanza ni kwamba mfumo umemwibia wanafunzi 23. Mimi humwambia, "Daktari, tuache jumla kwanza, hebu tufungue orodha yenyewe." Jumla mbili zisizolingana hazikufundishi kitu. Majina yanakufundisha. Toa orodha ya mfumo, toa orodha ya idara, zilinganishe kwa nambari ya usajili, utenge wale walioko upande mmoja tu.

Linganisha kwa nambari, kamwe usilinganishe kwa jina. Huku kwetu darasa moja laweza kuwa na akina Otieno sita na akina Achieng' wanne, na wawili kati yao wakashiriki hata jina la kwanza.

Ukishawatenga wale 23, wasome mmoja mmoja. Tuseme tisa wameahirisha masomo: idara bado inawahesabu kwa sababu inawajua na inawatarajia, mfumo umewaweka kando. Wanane walijisajili baada ya tarehe ya kufunga hesabu. Sita waliobaki wamehamia programu nyingine ya masomo ndani ya kitivo hichohicho, na kwenye daftari la zamani hakuna aliyewafuta. Tisa na wanane na sita ni 23. Hakuna aliyeibwa.

Tarehe ya kufunga hesabu ndiyo sababu inayojirudia kuliko zote. Ili ripoti mbili zilinganishwe mwaka hadi mwaka, chuo huchagua siku moja ya muhula na kupiga picha ya hali ilivyo siku hiyo. Ripoti ya picha hiyo haibadiliki tena, hata wanafunzi 50 wakijisajili kesho yake. Ripoti hai inabadilika kila siku. Ukichapisha moja na mwenzako akachapisha nyingine, mtaketi kwenye mkutano mmoja na takwimu mbili za kweli. Andika tarehe juu ya kila ripoti unayoitoa, na useme ni ya picha au ni hai.

Sababu inayofuata ni kinachohesabiwa. Je, ni watu au ni usajili wa masomo? Mwanafunzi mmoja akisajili masomo saba, ripoti ya usajili itamhesabu mara saba. Ukiona idara yako yenye wanafunzi 389 imepewa 2,723, gawanya kwa saba kabla ya kushtuka. Kuna ripoti nyingine zinazohesabu kwa mzigo wa masomo, ambapo wawili wanaosoma nusu mzigo wanakuwa mmoja. Hizo ndizo zinazotoa desimali, na mtu asiyejua huuliza, kwa haki kabisa, mwanafunzi 0.5 anakaa hosteli gani.

Baada ya hapo kagua kampasi. Chuo chenye tawi mjini na kampasi kuu nje ya mji huweza kuwa na programu moja ya masomo yenye misimbo miwili, na wewe umechagua mmoja.

Ikiwa umepita yote haya na bado kuna majina usiyoweza kuyaeleza, ndipo huenda kuna kosa la kweli: mwanafunzi ameandikwa mara mbili kwa nambari mbili, au hakuandikwa kabisa. Simama hapa. Usiongeze mstari kwa mkono kwenye ripoti ili jumla ikae sawa. Najua shinikizo lilivyo, mkuu amesimama mlangoni na gari liko tayari. Lakini ukirekebisha ripoti, kosa linabaki kwenye chanzo, na muhula ujao litarudi likiwa limezaa. Andika orodha ya nambari hizo, ipeleke kwa msajili, ombi liwe kwa maandishi.

Nasisitiza hili kwa sababu nyuma ya kila mstari kuna mtoto wa watu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hulipa sehemu ya karo moja kwa moja kwa chuo, na malipo ya namna hiyo yanategemea chuo kumtambua mwanafunzi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, zote zilizowekwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hufanya kazi zao kwa kutegemea takwimu kutoka vyuoni. Mstari uliopotea kwenye jedwali lako ni kijana aliyepanga foleni dirishani akiambiwa hayumo.

Faili inakataliwa ukiipakia

Unapakia faili ya Excel au CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma), mfumo unajibu kwamba mistari 37 ina makosa, na ukiitazama faili kwa macho unaiona safi kabisa. Makosa mengi ya aina hii hayaonekani kwa macho, ndiyo maana yanachosha.

Anza na vichwa vya safu. Pakua kiolezo kipya kutoka kwenye mfumo wenyewe siku hiyohiyo, usitumie kile cha mwaka jana ulichotumiwa na rafiki. Kila kichwa kiandikwe kama kilivyo kwenye kiolezo, bila safu ya ziada uliyoweka ya maoni yako, bila kichwa kikubwa cha jina la chuo juu, na bila seli zilizounganishwa. Mapambo yanapendeza kwenye karatasi, lakini yanaivuruga mashine.

Pili, sifuri za mwanzo. Nambari ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ina tarakimu 11: nane za shule na tatu za mtahiniwa. Baadhi yake huanza na sifuri, na Excel ikidhani ni hesabu ya kawaida huifuta sifuri hiyo kimyakimya. Nambari inabaki na tarakimu 10, mwanafunzi anakuwa hajulikani. Mambo ni hayohayo kwa simu inayoanza na 07. Na ukiandika simu kwa msimbo wa nchi, 254, zinakuwa tarakimu 12, na Excel itakuonyesha kitu kama 2.547E+11. Ukihifadhi faili hiyo kama CSV ikiwa katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimepotea na huwezi kuzirudisha kutoka kwenye faili hiyo.

Dawa: usifungue CSV kwa kuibofya mara mbili. Fungua Excel kwanza, nenda kwenye menyu ya Data, ilete faili kutoka hapo, na uiambie kwamba safu za nambari za mtihani, za usajili na za simu ni maandishi. Ukifanikiwa utaona nambari zimeegemea kushoto mwa seli, na huenda pembetatu ndogo ya kijani ikatokea kwenye kona. Pembetatu hiyo inakuonya kwamba nambari imehifadhiwa kama maandishi. Hivyo ndivyo tunavyotaka, iache ilivyo.

Tatu, tarehe. Kompyuta nyingi huletwa zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Mwanafunzi aliyezaliwa 05/03/2004, yaani Machi 5, anageuka wa Mei 3, na hakuna kengele inayolia. Aliyezaliwa 23/03/2004 habadiliki, kwa sababu hakuna mwezi wa 23, hivyo Excel inamwacha kama maandishi. Kwa hiyo safu yako ya tarehe ikiwa na zingine zilizoegemea kulia na zingine kushoto, usirekebishe zile za kushoto peke yake. Za kulia ndizo zilizokwisha kugeuzwa. Rudi kwenye faili asili uanze upya. Ukiona 45292 mahali pa tarehe, hiyo ni Januari 1, 2024 ikiwa imevuliwa nguo: Excel huhesabu siku tangu mwanzo wa 1900. Badilisha muundo wa seli tu na itavaa tena. Mfumo ukikuruhusu, andika tarehe kwa kuanza na mwaka, 2004-03-05, na mjadala utaisha.

Nne, na hili ni letu hasa, alama ya ng'. Ukanda huu umejaa majina kama Nyong'o, Okong'o, Achieng' na Ng'ang'a. Kwenye kibodi alama ile ni mstari mdogo ulionyooka. Ukiandika kwenye programu ya kuandikia barua kisha ukanakili, programu huipinda ikawa alama nyingine kabisa. Kwa jicho ni jina lilelile, kwa mashine ni watu wawili. Mbaya zaidi, faili ikihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, yaani mojawapo ya namna kompyuta inavyogeuza herufi kuwa nambari, kisha ikasomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, alama iliyopinda hugeuka herufi tatu za ajabu, na Nyong’o anakuwa Nyongâ€™o. Niliwahi kushika cheti cha semina kilichochapishwa hivyo, kwa karatasi nzuri ya gramu nzito, na mwenye jina akakikunja akakitia mfukoni bila kusema neno. Sijasahau uso wake.

Tafuta alama iliyopinda katika faili nzima, uibadilishe yote kwa iliyonyooka, kisha uihifadhi kwa UTF-8. Usiondoe alama ili kurahisisha kazi. Nyongo ni kitu kingine, na jina la mtu ni lake.

Tano, nafasi tupu zilizojificha. Fomula ya LEN itakuambia seli ina herufi ngapi. Nambari ya mtihani ikirudisha 12 badala ya 11, kuna nafasi imejibanza mwishoni. TRIM huiondoa, isipokuwa ile iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti, ambayo ni ya aina nyingine na TRIM haiigusi. Hiyo, nakili nafasi yenyewe, uiweke kwenye kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, uifute.

Kabla ya kupakia faili nzima, jaribu mistari mitano. Simama hapa: ukiona onyo kwamba upakiaji utafuta au kuchukua nafasi ya rekodi zilizopo, usibonyeze kuendelea. Mpigie msimamizi wa mfumo kwanza, hata kama atachelewa kupokea.

Inazunguka tu, haimalizi

Kisumu tunaijua mvua ya alasiri. Ngurumo ikianza, stima yapepesa, waifai yazimika, na wewe uko katikati ya kupakia. Ikirudi, mkono unakimbilia kubonyeza tena. Usifanye hivyo. Fungua kwanza ukurasa wa historia ya upakiaji uone kama ile ya kwanza ilifika. Huenda ilipokelewa na kinachokwama ni jibu tu, na ukituma mara ya pili unaweza kuzaa rekodi pacha.

Ikiwa haikufika, jaribu kivinjari kingine, funga kurasa zingine, kata faili iwe vipande, na fanya kazi asubuhi mapema. Bando la simu kutoka kwenye mtandao tofauti hukuonyesha haraka kama shida ni ya waifai ya ofisi. Ripoti inayozunguka kwa dakika kumi mara nyingi imeombwa miaka yote na kampasi zote kwa pamoja. Punguza.

Usiende kuimalizia saiba. Kompyuta ya watu wengi inabaki na faili uliyopakua, na ndani yake kuna majina, simu na nambari za vitambulisho.

Orodha imemfikia asiyestahili

Umetuma orodha ya wanafunzi kwa barua pepe isiyo sahihi, au kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Hapa hakuna cha kujaribu mwenyewe. Kufuta ujumbe ni sawa, ufute, lakini usiishie hapo na usinyamaze kwa hofu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uvujaji wenye hatari ya kweli ya kumdhuru mtu hutakiwa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu chuo kilipojua. Anayeripoti ni chuo, kupitia afisa wake wa ulinzi wa data, na hawezi kuripoti asichoambiwa. Mwambie siku hiyohiyo: nini kilitumwa, kwa nani, saa ngapi, kilikuwa na watu wangapi.

Unapomwita fundi

Ujumbe wa "mfumo haufanyi kazi" utajibiwa kwa swali, na swali litakula siku yako. Andika ukurasa uliokuwa, ulichobonyeza, kilichotokea, na saa kamili, kwa sababu fundi ataitafuta dakika hiyohiyo kwenye kumbukumbu za seva. Ambatisha picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, ukifunika majina ya wanafunzi. Taja ulichokwisha kujaribu. Nywila usiiweke, hata akiiomba. Anayeiomba mpigie kwa nambari ya ofisi unayoijua, uhakikishe ni yeye.